Kuchagua Shilamu ya Kiko Katika Mji wa Jua na Chumvi

Wengi wanaonunua kiko, kiwe kipya kutoka ng'ambo au kikuukuu kutoka kwa wauzaji wa vitu vya zamani, hulitazama bori kwanza: hulipima mkononi, hulinusa, huifuata mistari ya mti kwa kidole. Shilamu, yaani mrija unaoupeleka moshi kutoka kwenye bori hadi kinywani, huangaliwa mwisho, na mara nyingi mnunuzi haulizi hata imetengenezwa kwa kitu gani. Mpangilio huo siukubali. Bori hushikwa na mkono, lakini shilamu hushikwa na meno, huguswa na ulimi, hulowa mate, na ndiyo sehemu ya kiko inayotangulia kuchakaa. Kwa sisi wakazi wa Mombasa kuna jambo jingine juu ya hayo: hewa ya kisiwa hiki, yenye jua kali, unyevu usiokatika na upepo wa chumvi, huzitendea shilamu mambo ambayo mvutaji wa Dublin au wa Copenhagen huyaona baada ya miaka mingi, ilhali sisi huyaona kabla msimu haujageuka.

Mimi hukarabati viko vya jamaa na marafiki kwa kujifurahisha, na kila anayeniletea kiko chenye shilamu iliyovunjika humwuliza maswali mawili kabla ya kuzungumza juu ya rangi au bei. La kwanza ni kama anakishika kiko kwa mkono au anakining'iniza menoni huku akifanya kazi nyingine. La pili ni mahali anapokiweka akimaliza kuvuta. Majibu ya maswali hayo huamua karibu kila kitu. Madhara ya tumbaku yanajulikana na yameandikwa kwenye kila pakiti, na sheria yetu ya mwaka 2007 imekwisha kutuambia tusivute katika mikusanyiko ya watu. Hapa nazungumza na yule ambaye tayari ana kiko chake na anataka kukiweka katika hali nzuri.

Pwani hii ilikuwa na maarifa yake ya viko kabla ya viko vifupi vya mti kuletwa na meli. Kiko cha wazee kilikuwa na bori la udongo, digali lililoteremsha moshi hadi kwenye nazi au kibuyu chenye maji, na shilamu iliyotoka hapo kwenda kinywani, huku malio ya maji yakisikika mpaka nje ya baraza. Shilamu hiyo ilikuwa ya mwanzi au kijiti kilichotobolewa, na hapakuwa na haja ya kitu cha gharama zaidi, kwa sababu moshi ulikuwa umekwisha kupita majini na ulifika kinywani ukiwa umepoa. Waturuki wa dola ya Uthmania walifika mahali hapo hapo kwa njia nyingine: kiko chao, çubuk, kilikuwa na mrija mrefu wa mcheri au wa asumini, na urefu ule ndio uliopoza moshi, kisha kwenye ncha kikawekwa kipande cha kaharabu kwa ajili ya midomo. Mambo yalibadilika kiko kilipofupishwa. Kiko cha braya, yaani fundo la mzizi wa mti wa Erica arborea unaoota kandokando ya bahari ya Mediterania, huliweka bori kiasi cha shubiri moja tu kutoka usoni, kwa hiyo joto, mvuke na mate vyote hukutana ndani ya shilamu fupi yenye tundu la kiasi cha milimita 4. Mwanzi haudumu katika hali hiyo. Kilihitajika kitu kisichonyonya maji, kinachostahimili joto, na kinachokubali kuchongwa chembamba bila kuvunjika.

Kitu hicho kilikuwa ebonaiti, ambayo wengine huiita vulkanaiti, nayo ni mpira. Mwaka 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kupashwa moto huacha kunata wakati wa joto na kukatika wakati wa baridi, na hataza yake ya Marekani ni ya mwaka 1844. Mwaka 1851 ndugu yake, Nelson Goodyear, alipata hataza ya mpira mgumu. Tofauti ya mpira wa tairi na ebonaiti imo katika kiasi cha salfa: mpira laini huhitaji sehemu chache tu katika 100, ilhali ebonaiti huhitaji kama 30 au zaidi, na hupikwa kwa muda mrefu hadi iwe ngumu na nyeusi. Katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ilitumika kutengeneza vitana, kalamu za wino na vihami vya umeme. Hadi leo wapulizaji wengi wa klarineti huweka kinywani kipande cha ebonaiti, ingawa mwili wa ala yenyewe ni wa mpingo.

Sifa za ebonaiti hujulikana mara tu inapotiwa mdomoni. Ni ngumu kiasi cha kushika umbo, lakini ina ulaini kidogo ambao meno huupokea bila kulalamika. Haigongi jino kwa sauti, wala haina ule ubaridi wa kioo ambao vitu vingine vigumu huwa nao. Anayekining'iniza kiko menoni akikarabati nyavu au akiandika hesabu ataihisi tofauti hiyo katika taya zake kabla kiko hakijazimika. Hukubali tupa, hukubali msasa, na ikilainishwa kwa maji yanayochemka hupinda kwa mkono, kisha ikipozwa hubaki na mpindo huo. Ina kumbukumbu pia. Alama za meno zilizobonyea kwenye ebonaiti huweza kuinuka zenyewe shilamu ikipashwa joto tena, kwa kuwa mpira hutaka kurudi katika umbo ulilopikwa nalo. Kumbukumbu hiyo ina ubaya wake: kiko chenye shilamu iliyopindwa kikiachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani Nyali mchana kutwa, mpindo unaweza kuanza kunyooka, na mwenyewe akarudi akakuta kiko chake kimebadilika sura.

Aibu kubwa ya ebonaiti, hata hivyo, ni rangi. Ile salfa iliyoifanya iwe ngumu haikai kimya. Mwanga wa jua, hasa mionzi ya urujuanimno, ukishirikiana na hewa na unyevu, huushambulia uso wa shilamu, na salfa iliyo juu hugeuka polepole kuwa michanganyiko yenye tindikali. Weusi hufifia ukawa kijivu, halafu kahawia, halafu ule ukijani wa zeituni iliyoharibika, na uso uliokuwa laini huwa na ukavu unaosikika kwa ulimi. Ladha yake ni chungu na ya kiberiti, na hakuna tumbaku nzuri inayoweza kuifunika. Ulaya, ambako viko hulala kabatini miezi kadhaa na jua ni la kuomba, jambo hili huchukua muda mrefu. Mombasa tunayo jua, joto na unyevu mwaka mzima, tunayo madirisha yaliyo wazi wakati wote kwa sababu hatuna njia nyingine ya kulala, na tuna tabia ya kuviweka vitu vyetu vya kila siku juu ya kizingiti cha dirisha. Shilamu ya ebonaiti iliyowekwa hapo kipindi cha kaskazi, jua linapokuwa kali zaidi, hubadilika rangi upande mmoja tu, ule ulioelekea nje, na ukiishika unajua mara moja ilikuwa imelala vipi.

Dawa yake si ngumu, lakini hutaka mtu mwenye saburi. Shilamu huchovywa katika maji ya kawaida, kisha husuguliwa kwa msasa wa maji, tuseme wa namba 400 kwa yale yaliyozidi, halafu 800, halafu 1500 au 2000, mpaka ile rangi ya zeituni iishe na weusi wa kweli utokee. Mwishowe hung'arishwa kwa dawa ya kung'arishia rangi ya magari, ile inayouzwa katika maduka ya vipuri, na kuoshwa vizuri kwa sabuni kabla ya kurudishwa kinywani. Pale shilamu inapokutana na mti wa bori, msasa upitishwe shilamu ikiwa imechomekwa mahali pake na mti umefunikwa kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi, la sivyo ukingo wa shilamu huviringika na pengo huonekana milele. Wapo wanaoitumbukiza katika jiki usiku kucha, na ni kweli kwamba asubuhi ukijani umetoka, lakini jiki huuacha uso umejaa vishimo visivyoonekana kwa macho, na vishimo hivyo hukaribisha kubadilika rangi kupya kwa kasi kuliko mwanzo. Maji ya moto nayo yasitumike kuiosha, kwa kuwa huifubaza palepale. Maji yanayochemka mimi huyatumia ninapotaka kupinda tu, nikijua kwamba msasa unanisubiri baada ya hapo.

Kinga ni rahisi kuliko dawa. Baada ya kuvuta, shilamu ifutwe mate kwa kitambaa kikavu, mara mojamoja ipakwe mafuta ya kula kidogo sana na kufutwa, kisha kiko kiingizwe katika mfuko wa kitambaa na kuwekwa kwenye droo. Mfuko wa plastiki haufai hapa kwetu, kwa sababu hufungia unyevu ndani, na mwenye kuufungua baada ya mvua za masika hukuta kuvu ndani ya bori. Mtu anayeweza kuyafanya haya bila kujihisi anatumikishwa, mimi humpa ebonaiti bila kusita.

Asiyeweza, na wengi hawawezi, ana akriliki. Huu ni mchanganyiko wa kemia uitwao polimethili methakrileti, uliofika sokoni katika miaka ya 1930 kwa majina ya biashara kama Plexiglas, Perspex na Lucite, na wakati wa vita vya pili vya dunia ulitumika kwa vioo vya ndege za kivita. Hauna salfa, kwa hiyo jua la Mombasa haliwezi kuufanya mchungu. Shilamu ya akriliki inaweza kukaa dirishani kwa miaka na bado ikang'aa kama siku ilipotoka kwa fundi, na mafundi wengi wa Italia wameipendelea kwa sababu hiyo na kwa sababu ya rangi, maana hutengenezwa ya kila namna, ikiwemo ile yenye mawimbi ya manjano na kahawia inayoiga kaharabu. Mji wetu hauna duka la viko kila kona, na mvutaji hana mtu wa kumpelekea shilamu ing'arishwe kila baada ya miezi michache, kwa hiyo hoja hii ni nzito na sipendi wanaoidharau kwa ajili ya kuonekana wajuzi.

Hata hivyo akriliki ni ngumu, na ugumu huo hulipiwa na meno. Hugonga. Anayeibana kwa taya husikia mlio mdogo kila anapokisogeza kiko, na mwenye meno ya bandia au jino lililozibwa hujuta mapema. Mkerezaji anayetaka kuifanya nyembamba kama ebonaiti huogopa ncha isije ikamegeka, basi huiacha nene kidogo, na unene huo nao huichosha taya. Ikianguka kwenye sakafu ya vigae, ambayo ndiyo sakafu ya nyumba nyingi mpya hapa mjini, huweza kukatika mahali penye ulimi unaoingia kwenye bori. Kuna na jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi: akriliki haipatani na spiriti. Waliozoea kusafisha viko kwa kijiti kilicholowekwa spiriti wajue kwamba alkoholi inaweza kuifanya akriliki ipasuke nyufa nyembamba kama utando wa buibui, hasa pale ilipopindwa au kukerezwa kwa haraka na kubaki na mkazo ndani yake. Ebonaiti haina tatizo hilo. Kwa akriliki, maji ya vuguvugu na tone la sabuni yanatosha, na kijiti kikavu kipite baada ya kila kuvuta.

Kazini pia vitu hivi viwili hutofautiana. Ebonaiti ikikerezwa hutoa nyuzi ndefu na harufu ya kiberiti inayojaza chumba, na akriliki hutoa vipande vinavyoruka na, ikipata moto, hunata kwenye kisu. Akriliki huanza kulainika karibu na nyuzi 105 za Selsiasi, kwa hiyo maji yanayochemka hayatoshi kuipinda. Huhitaji hewa ya moto, na kijiti cha kusafishia lazima kiwemo ndani ya tundu wakati wa kupinda, ama sivyo tundu hufunga kwenye kona. Fundi mmoja wa kukereza miguu ya vitanda, mtu mzima ninayemwita ami kwa heshima ya umri wake, alinikerezea vipande vya vitu vyote viwili siku moja, kisha akavipanga juu ya meza.

"Mwanangu," akasema, "hii nyeusi yanuka, lakini yatii. Hii ya rangi haitii, yataka kubembelezwa."

"Kweli, ami. Lakini mwenye kiko huiweka juu ya friji, karibu na dirisha."

"Basi mpe hiyo ngumu, abembeleze yeye na meno yake."

Na ndivyo tulivyofanya, kwa sababu mwenye kiko hicho hukishika kwa mkono na hutafuna maneno kuliko shilamu.

Vitu vingine vyote ninaviweka katika daraja la pili, ingawa baadhi yao ni vizuri kuliko hivi viwili kwa macho. Kaharabu ni utomvu wa miti uliogeuka kuwa kama jiwe kwa mamilioni ya miaka, na ile inayotoka pwani za Baltiki ndiyo iliyovishwa viko vya jiwe jeupe la meashamu, hasa huko Uturuki na Vienna. Midomo huipenda, kwa kuwa haina ubaridi. Lakini ni laini, ina nyufa za asili, na jino moja la pembeni likiuma vibaya hupotea fedha nyingi. Uzito wake ni mdogo kiasi kwamba huelea katika maji yaliyokolezwa chumvi, na kipimo hicho huitenga na bakelaiti, plastiki iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907, ambayo huzama. Nataja kipimo hiki kwa sababu shilamu za manjano zinazouzwa kuwa za kaharabu katika viko vya zamani mara nyingi si kaharabu, na muuzaji huenda hajui. Afrika Mashariki nayo ilichimba meashamu yake, huko Sinya karibu na Amboseli, na kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha ilitengeneza viko vilivyouzwa kwa jina la Kiko. Anayekipata kimoja asishindwe na tamaa ya kukivisha kaharabu. Ebonaiti nyeusi juu ya jiwe lililoanza kuiva kwa moshi inapendeza zaidi, na kikianguka hasara ni ya kiko tu.

Pembe ina wapenzi wake, na sikatai kwamba pembe ya ng'ombe iliyong'arishwa ina uzuri ambao hakuna kiwanda kinachoweza kuuiga. Hupatikana kwa bei ndogo kwenye machinjio, hulainika kwa moto, na huvumilia meno kwa upole. Tatizo lake ni kwamba imejengwa kwa tabaka juu ya tabaka, na mate ya kila siku huzifungua tabaka hizo pole pole mpaka ncha ikawa na manyoya. Ikiachwa bila kutumika, wadudu wanaokula ngozi na nywele huitamani, na Afrika ina nondo wake maalumu, Ceratophaga vastella, ambaye viwavi wake huishi kwa kula pembe za wanyama waliokufa. Kwa hiyo pembe ni ya mtu anayevuta mara chache, anayeikausha vizuri, na anayejua kwamba baada ya miaka atahitaji nyingine. Pembe za ndovu na magamba ya ng'amba, ambavyo bandari hii ilivisafirisha kwa karne nyingi, visitajwe kabisa katika mazungumzo haya. Biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi ilipigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 1989, mwaka ule ule ambao Kenya ilichoma kama tani 12 za pembe katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, na mwaka 2016 zikachomwa tani 105. Anayeletewa kiko cha zamani chenye ncha ya pembe ya ndovu asikiuze wala asikisafirishe.

Mpingo ndio unaoulizwa zaidi, kwa sababu wachongaji wa Kikamba wa Changamwe wanauchonga mbele ya macho yetu na vipande vidogo vinapatikana. Ni mzito, mweusi, hung'aa bila rangi, na mtu hudhani kuwa utafaa kwa shilamu kuliko mpira. Haufai. Ni mti, na mti hunywa maji na kuyatoa. Ukichongwa mwembamba wa milimita 4 kwenye ncha, ukaloweshwa mate na kukaushwa kila siku, hupasuka kwa kufuata mistari yake, tena hupasuka upande wa juu unaogusa jino. Watengenezaji wa klarineti, ambao wanaujua mpingo kuliko mvutaji yeyote, siku hizi kwa kawaida hawaupeleki kinywani. Vumbi lake huwawasha wengine ngozi na pua. Ninaoupenda ni mpingo uliokatwa kuwa pete nyembamba na kuwekwa kati ya bori na shilamu, mahali ambapo mate hayafiki na macho hufika kwanza. Mtu anayetaka kusafiri nje na kitu cha mpingo akumbuke kwamba jamii yote ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, iliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya pili ya CITES, yaani ya viumbe ambavyo biashara yake kati ya nchi hudhibitiwa.

Nailoni na plastiki nyingine za bei nafuu zina mahali pake. Viko vya gunzi la mahindi, kama vile vinavyotengenezwa na Missouri Meerschaum katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, tangu mwaka 1869, huja na shilamu za plastiki, na hakuna anayelalamika kwa sababu kiko chenyewe ni cha bei ya chini. Nailoni hailiki kwa msasa. Hupata joto na kuyeyuka na kutoa nywele, kwa hiyo haikarabatiwi, hubadilishwa. Asetali, plastiki ngumu na yenye utelezi, haipendezi mdomoni lakini ni hodari kwa ule ulimi wa shilamu unaoingia kwenye bori. Akriliki ikikatika kwenye ulimi, mimi hutoboa kilichobaki na kuingiza kijiti cha asetali kilichogundishwa, na mara nyingi kazi hiyo huishi kuliko ulimi wa mwanzo.

Ulimi huo unahitaji neno zaidi kwa sababu ya hewa yetu. Braya ni mti nayo, na wakati wa masika, mwezi wa Mei hasa, mti huvimba na kuushika ulimi kwa nguvu. Wengi hukizungusha kiko kwa hasira kikiwa bado na moto, na ulimi hubaki ndani. Kiko kikikwama kiachwe kipoe kabisa, kisha kitiwe katika friji kwa muda. Ebonaiti na akriliki hujikunja kwa baridi zaidi ya mti, na ulimi hulegea wenyewe. Kiko chenye pete ya fedha au ya shaba kwenye shingo, ambamo shilamu huingia kwa mteremko bila kubanwa sana, hakina shida hiyo, na kwa Mombasa ninakipendekeza kwa yeyote anayenunua upya.

Namna ncha ilivyochongwa inaweza kuishinda hata tofauti ya vitu vyote nilivyovitaja. Ebonaiti nzuri yenye ncha nene itakuchosha, na akriliki iliyochongwa na fundi anayejua itasahaulika kinywani. Unene wa ncha nyuma ya ukingo uwe kiasi cha milimita 4, ukingo wenyewe uwe na makali ya kutosha ili jino lijue pa kukaa, na tundu lipanuke kuwa mpasuo mwembamba mwishoni, ili moshi utawanyike usije ukapiga mahali pamoja pa ulimi wa mvutaji. Charles Peterson wa Dublin alilitatua jambo hili kwa namna nyingine mwaka 1898, kwa hataza ya shilamu ambayo tundu lake limeelekezwa juu, kwenye paa la kinywa. Wapo wanaoiapia na wapo wasioiweza. Mimi ni wa kundi la pili, ila nakiri kwamba ulimi hauungui.

Ukienda kwa mkerezaji kuagiza shilamu mpya, mpelekee bori lenyewe pamoja na shilamu ya zamani hata kama imevunjika, kwa kuwa tundu la bori halipimwi kwa maneno. Ukinunua kipande cha ebonaiti, kisugue kwa nguvu kwenye kiganja na ukinuse: harufu ya kiberiti ikitokea, umepata mpira, na isipotokea, unauziwa plastiki nyeusi. Mwambie fundi aukereze ulimi uwe mkubwa kidogo kuliko tundu, kisha aupunguze kwa msasa huku akijaribu kila mara, na asiupake mafuta ili uingie. Mwache ncha aifikishe milimita 4.5 tu, kwa maana msasa na kung'arisha vitaondoa kilichobaki.